Asubuhi Ndege za Tamarack Zilipobaki Chini

Kepteni Dwight Pelletier alipanda ngazi ya fundi mwenyewe, akavua glavu kwa meno, akaweka kiganja kitupu juu ya bawa. Alikaa hivyo kwa kitambo kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha akashuka na kumwambia rubani wake msaidizi, "Panda nawe ukaguse."

Aili Rautio alipanda. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kudondoka bila kelele, na kutoka chini alikuwa ameliona bawa likiwa safi, hata alama ndogo za mafundi zikisomeka vizuri. Alipoweka mkono ndipo alipojua kwamba haigusi ndege. Alikuwa akigusa kioo. Bawa zima, tangu ubavuni hadi nchani, lilikuwa limevikwa barafu angavu kama maji, laini, isiyo na hata kipovu kimoja ndani yake, na kila tone jipya liligeuka kioo pale pale lilipotua. Dawa ya kuyeyusha barafu waliyonyunyiziwa robo saa iliyopita ilikuwa imeshashindwa. Aili alikuwa mzaliwa wa Hancock, mtu wa mwambao wa Ziwa Superior, aliyekua akiona theluji ikifika madirishani. Lakini hakuwahi kuona uzuri na kifo vikikaa mahali pamoja namna ile, vimetulia, havina hata harufu.

"Mama yangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo hivyo," Pelletier alijibu. "Leo hatuendi popote, binti. Twende tukatukanwe."

Walitukanwa kweli. Abiria waliokuwa wakienda Detroit walilalamika, mmoja akauliza kama kepteni anaogopa manyunyu. Halafu ikaja simu kutoka makao makuu ya Tamarack, shirika lao dogo lililorusha ndege kwa niaba ya shirika kubwa, zikiwa zimepakwa rangi za hilo kubwa. Aliyepiga ni Kessler, rubani mkuu.

"Dwight, watu wa kituo wananiambia bawa liko safi."

"Wamelitazama. Mimi nimeligusa."

"Wenzako wa ile kampuni nyingine wanaondoka sasa hivi, uwanja huo huo, mvua hiyo hiyo!"

"Basi waombee," alisema Pelletier, akamrudishia karani simu.

Ilikuwa kweli. Ndege ya kampuni jirani, ile iliyokuwa ikigombea njia zote za Tamarack kwa bei ya kutupa, ilijikokota hadi mwisho wa uwanja na kunguruma. Aili na Pelletier walisimama dirishani. Ndege ilikimbia, ikakimbia mno, ikainuka kwa shida kama mtu mwenye gunia mgongoni. Ikazama kidogo. Bawa la kushoto likainama, likarudi. Misonobari ya mwisho wa uwanja ilikuwa mirefu kuliko Aili alivyowahi kuiona. Ndege ilipita juu ya vilele, ikamezwa na wingu, na kwenye jengo lote hakuna abiria aliyeuliza tena kuhusu manyunyu.

Hata hivyo ilifika Detroit salama, na hilo ndilo lililommaliza Pelletier. Angeanguka mtu, angeitwa mwenye busara. Kwa kuwa hakuanguka mtu, aliitwa mkaidi. Kabla ya jua kutua alikuwa amesimamishwa kazi, akisubiri kikao cha nidhamu, na shahidi alikuwa mmoja tu.

Kessler alimwita shahidi huyo ofisini, akamkaribisha kahawa. Hakuwa mtu wa makelele. Naye aliwahi kurusha ndege miaka mingi, na ukutani kwake palikuwa na picha yake kijana, kofia upande, anacheka.

"Nakuona ukifika mbali, Aili," alisema. "Unaruka vizuri. Umebakiza kidogo tu umalize mwaka wa majaribio. Sikuombi useme uongo. Nijibu tu: ulipolitazama bawa lilionekana safi, au halikuonekana safi?"

"Lilionekana safi. Ila—"

"Basi. Kikaoni utaulizwa hivyo, utajibu hivyo, unyamaze. Kugusa ni mambo ya Dwight. Umenielewa?"

Aili alimwelewa. Alitoka pale akihisi kama mtu aliyeshikwa mkono kwa upole na kuelekezwa shimoni.

Alipata mapumziko, akaenda Hancock kwa baba yake. Reino Rautio alikuwa juu ya paa akisukuma theluji kwa sepetu, mzee mwenye mgongo mpana, ndevu zimeganda. Zamani alikuwa rubani wa ndege kubwa. Wakati ule serikali ndiyo iliyokuwa ikipanga nauli na njia, na rubani alikuwa mtu ambaye watoto walisimama njiani kumtazama. Serikali ilipojitoa, kila mwenye mtaji alianzisha shirika lake, nauli zikaporomoka, na mashirika yakaanza kutafuta pa kukata. Walipoanza kukata kwa marubani, Reino na wenzake waligoma. Kazi zao zilichukuliwa na wengine kabla hata mabango hayajalowa. Tangu hapo Reino aliendesha gari la wilaya la kusukuma theluji, na ndege zilipopita juu hakuinua kichwa.

"Sema walichotaka!" alipaza sauti kutoka juu baada ya kusikia kisa. "Sema lilionekana safi! Kwani halikuonekana?"

"Baba, nililigusa."

"Umeligusa, umeligusa! Na nani atakugusa wewe utakapofukuzwa? Chama cha marubani? Mimi nilikuwa na chama, Aili. Kilituimbisha nyimbo barabarani. Siku ya mwisho nilitazama kushoto, nilitazama kulia, nikaona nusu ya waliokuwa wakiimba wamesharudi kazini kwa mlango wa nyuma. Chama ni mwavuli wa karatasi. Unapendeza mpaka inyeshe."

"Sasa Pelletier aachwe?"

Reino alisimama, akaegemea sepetu. "Dwight Pelletier namjua," alisema mwishowe. "Ni rubani kweli. Ingia ndani ule. Kuna pasti, mikate ya kuoka yenye nyama ndani, zinapoa."

Siku moja kabla ya kikao, Aili alimtafuta Lorna Czarnecki, mwakilishi wa chama pale Detroit. Lorna alikuwa kepteni, mwanamke mfupi, mama wa mapacha, mwenye mazoea ya kutafuna mbegu za alizeti kama ndege. Walikutana mgahawani uwanjani, mezani kwa Lorna pamejaa maganda.

"Nitakwambia ukweli, mdogo wangu, maana ukweli ndio kitu pekee nilicho nacho kingi," Lorna alisema. "Dwight naweza kumtetea. Ana mkataba, ana wakili wetu, hawawezi kumtoa bila sababu inayosimama. Wewe uko kwenye majaribio. Mkataba haukufikii. Wakitaka kukuondoa kesho hawahitaji hata kusema kwa nini."

"Kwa hiyo chama kina faida gani kwangu?"

"Leo? Hakuna."

Aili alikuwa ametarajia hotuba.

"Unataka nikudanganye?" Lorna aliendelea, akitema ganda kwenye kikombe. "Mwaka juzi tulikubali kupunguziwa mishahara ili shirika kubwa lisitunyang'anye njia. Nilitia saini kwa mkono huu, nikaenda chooni nikatapika. Likiona kampuni yenye marubani wa bei rahisi zaidi, litahama. Sisi tunapigania kamba huku mwenye mbuzi yuko chumba kingine. Siwezi kubadilisha hilo. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba mtu anayeligusa bawa na kusema hapana, analala usingizi. Sasa hivi hata hilo, nusu yake iko mikononi mwako. Sikulazimishi, na ukinyamaza sitakuchukia."

"Kweli?"

"Nitakuchukia kidogo. Kula mbegu."

Kikao kilikuwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Pelletier alikaa na suti iliyombana tumbo, mikono juu ya meza. Hakumtazama Aili hata mara moja. Ilionekana wazi alikuwa akimpa nafasi ya kujiokoa. Kessler aliuliza swali lake kwa sauti ile ile ya upole.

"Ndiyo, lilionekana safi," Aili alijibu.

"Asante. Hayo yanatosha."

"Hayajatosha," alisema Aili. Alisikia sauti yake ikitetemeka, akaiacha itetemeke. "Lilionekana safi kwa sababu barafu yenyewe ilikuwa kama kioo. Niliweka mkono wangu. Kama tungeruka, mimi na wale abiria wote tungekuwa mle msituni. Na ile ndege iliyoondoka, bwana Kessler, niliitazama. Haikuondoka. Iliponyoka."

Wakili wa chama alifunga kalamu yake bila kuongeza neno. Jioni Pelletier alirudishwa kazini. Asubuhi iliyofuata Aili aliambiwa hakufaulu majaribio, arudishe kitambulisho na vifaa vya kazi.

Alikwenda kuvirudisha. Hapakuwa na njia ya kufika ofisini ila kupitia chumba cha marubani, kile chenye makochi yaliyochakaa na dirisha kubwa linalotazama ndege. Dhoruba ya theluji ilikuwa imepita usiku kucha na kuvuruga ratiba yote. Marubani wengi walikuwa wamekwama mbali, na Tamarack, kama kawaida yake, ilihitaji walio kwenye mapumziko wakubali kuja kuziba mapengo. Kila mtu alijua kwamba bila hao, shirika haliwezi kurusha hata nusu ya ndege zake. Mkataba ulisema mtu wa mapumziko anaweza kukubali au kukataa. Kwa kawaida walikubali, maana mishahara ilikuwa midogo na watoto wanakula.

Aili aliingia akitarajia chumba kitupu. Kilikuwa kimejaa. Walikuwa wamekaa makochini, sakafuni, kwenye kingo za meza, wengi wakiwa na nguo za nyumbani, makoti ya theluji na viatu vya matope. Wengine hakuwahi hata kuzungumza nao. Pelletier alikuwa kwenye kona, amevaa sweta iliyotoboka kiwiko. Kofia ya Aili ilikuwa mkononi, begi limemning'inia begani, akasimama mlangoni hajui kama aingie au arudi.

"Kabla ya yote," Lorna alisema kutoka kochini kwa sauti kubwa, kama anayesoma hati mahakamani, "chama hakijaitisha chochote. Sheria inatukataza kugoma bila ruhusa, na hatujagoma. Walio zamu wapo zamu. Mimi niko mapumzikoni na nimekuja kunywa kahawa. Kuna mtu hapa ameambiwa na chama afanye lolote?"

"Mimi nimekuja kwa sababu nyumbani mama mkwe yupo," alisema mmoja, na wachache wakacheka.

Ndipo simu ya kwanza ilipolia.

Ilikuwa mfukoni mwa kijana mmoja karibu na dirisha. Aliitoa, akatazama kioo chake, akaona ni ofisi ya ratiba, akaiweka juu ya goti. Ililia mpaka ikachoka. Ikalia ya mwenzake. Halafu ya tatu, kwenye koti lililotundikwa. Halafu zikaanza kuitikiana, huku mluzi, huku muziki wa harusi, huku mlio wa bata, mpaka chumba kizima kikawa kinalia kama bwawa la vyura, na katikati ya makelele hayo watu wameketi kimya, mikono magotini, hakuna hata mmoja anayejibu. Mtu mwenye nyumba inayotaka kuchukuliwa na benki alikuwa mle. Mtu mwenye mtoto hospitalini alikuwa mle. Aili aliwajua kwa maneno ya pembeni tu, na sasa alitazama uso baada ya uso, na kila uso ulikuwa umetulia.

Hakuwa mwanachama wao. Hakuna karatasi yoyote duniani iliyowalazimisha. Alihisi nywele za shingoni zikisimama, kama zilivyosimama siku ya kwanza aliporusha ndege peke yake na kugeuka akaona kiti cha mwalimu kitupu, na ziwa lote chini yake.

Kupitia dirishani, ndege za Tamarack zilikuwa zimepangwa mstari mmoja mrefu, theluji imezifunika migongo, milango imefungwa. Gari la mizigo lilifika kwenye moja, likasimama, likageuza. Ubao wa matangazo ndani ya jumba la abiria ulianza kubadilika, safari moja baada ya nyingine ikifutwa. Injini hazikunguruma. Aili alikuwa amezoea uwanja ule kuwa na mngurumo usiokwisha, na sasa, simu ziliponyamaza kidogo, alisikia upepo ukiparuza kioo.

"Kaa, binti," Pelletier alisema, akisogea kwenye kochi. "Utasimama mpaka lini?"

Alikaa. Baadaye akaenda ofisini, akarudisha kitambulisho na vifaa, kisha akarudi palepale.

Iliendelea hivyo mchana kutwa na siku ya pili yake. Walitoka wakalala, wakarudi, wengine wakaongezeka. Siku ya pili, kabla ya saa sita, Kessler alikuja mwenyewe. Alisimama katikati ya chumba, simu zikilia kumzunguka. Alitazama watu, kisha akatazama nje, zile ndege zote. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyedhani anaijua nyumba yake, akafungua mlango akakuta chumba asichowahi kukiona.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki," alisema, si kwa yeyote.

"Hata sisi," Lorna alimjibu.

Kessler akavuta kitambulisho chake kutoka mfuko wa koti, akampa Aili. "Ratiba yako inaanza kesho," alisema. Akafika mlangoni, akageuka. "Na iliponyoka kweli. Nimezungumza na kepteni wake."

Alipoondoka hakuna aliyeshangilia. Kijana wa dirishani ndiye aliyeinua simu yake iliyokuwa ikilia, akasafisha koo, akasema, "Haloo, ratiba? Samahani, nilikuwa bafuni." Chumba kikapasuka kwa kicheko, watu wakicheka mpaka wanalia, na wengine walikuwa wakilia kweli.

Jioni Aili alimpigia baba yake, akamweleza.

"Wangapi walijibu?" Reino aliuliza.

"Hakuna, baba."

"Namaanisha mwishoni. Siku ya pili. Wale wenye shida."

"Hakuna hata mmoja."

Aili akasikia kiti kikiburutwa, mzee akikaa.

"Wote?" alisema, kwa sauti ambayo Aili hakuwahi kuisikia kwake, ya mtoto anayeonyeshwa kitu cha ajabu. "Hebu niambie tena. Tangu ile simu ya kwanza."

Akamwambia tena.

Laiti mambo yangeishia hapo. Baada ya mwaka na nusu hivi, shirika kubwa lilifanya lile Lorna alilolisema mezani kwenye maganda yake. Liliipa njia zote kampuni jirani, iliyokuwa na marubani wachanga zaidi na haina chama, na Tamarack ikafungwa. Chama kilipigana. Kiliwapatia wanachama bima ya afya ya miezi michache baada ya kufunga na fidia kidogo, mambo ambayo makarani wa tiketi hawakuyapata. Kazi zenyewe hakikuweza kuziokoa, kwa kuwa aliyeziua hakuwa mwajiri wao na hakulazimika kukaa nao meza moja. Lorna alilia hadharani kwenye mkutano wa mwisho, akapangusa uso, akagawa mbegu.

Na katika biashara ile cheo hakihami na mtu. Anayeingia shirika jipya anaanza mkiani, hata awe na mvi. Kwa hiyo siku Aili alipoingia darasa la waajiriwa wapya wa ile kampuni jirani, aliona watoto waliotoka vyuoni juzi, chunusi usoni, na katikati yao, kwenye kidawati kinachombana tumbo, Dwight Pelletier, miaka ishirini na sita ya ukepteni, ameshika kalamu kama mwanafunzi. Sasa atakuwa rubani msaidizi. Atakaa kiti cha kulia, apokee amri za vijana ambao hawajawahi kugusa bawa lenye barafu, na kwa mshahara wa kuanzia.

Aili alipita madawati, akakaa karibu naye. Hakujua aseme nini.

"Usinitazame kama maiti," Pelletier alinong'ona. "Ndege ni zile zile. Anga ni lile lile."

Mwanamke nadhifu kutoka ofisi ya watumishi aliingia, akawakaribisha kwa tabasamu. "Jambo moja mtakalolipenda hapa," alisema, "ni kwamba hatuna chama. Hatukihitaji. Hapa sisi sote ni familia moja."

Watoto walitikisa vichwa kwa adabu.

"Hata mimi na mke wangu wa kwanza tulikuwa familia moja," Pelletier alisema chini ya pumzi, akiangalia mbele.

Aili aliuma mdomo asicheke. Alimtazama mzee yule, mashavu yaliyobabuka kwa baridi, macho yasiyo na kinyongo, ametua kwenye kidawati chake kana kwamba ndipo alipokuwa akienda tangu mwanzo. Akajiuliza mtu hupata wapi moyo wa namna hiyo, wa kupoteza kila kitu kilichotetewa na bado akaja na kalamu mbili, maana ya pili alikuwa ameshamsogezea yeye.

Wakati wa mapumziko, msichana wa dawati la mbele aliwageukia. "Samahani, dada. Nimesikia nyinyi mlitoka Tamarack. Kile chama chenu kiliwasaidia nini, kama mwishowe shirika lilifungwa?"

Pelletier alimwachia Aili ajibu.

"Una haraka?" Aili aliuliza.

"Sina."

"Basi kalete kahawa tatu, uje ukae hapa," Aili alisema, akisogeza kiti. "Na umwite na mwenzako yule pale, naye asikie."